Sauti ya Mama Mkwe

Watu wa Rasbura, hapa Lindi, wakikwambia Fakihi ni mwongo, wakubalie nusu. Fakihi ni mtafsiri wa filamu. Anakaa kwenye kiti cha plastiki pembeni mwa runinga, kipaza sauti mkononi, taulo shingoni, na kila Mzungu anayefungua mdomo pale kwenye kioo anasemewa na yeye. Kizungu anakijua nusu. Nusu hiyo aliiokota alipokuwa mlinzi kwenye kambi ya wajenzi wa barabara, miaka sita akikaa getini na redio. Nusu iliyobaki anaitoa kichwani mwake, na mimi ninayeuza karanga mlangoni pake huu mwaka wa tisa nakuhakikishia kwamba nusu ya kubuni ndiyo inayojaza mabenchi.

Jina langu Shamimu. Ua wetu mimi na Fakihi ni mmoja, choo kimoja, kamba ya kuanikia nguo moja. Kwa hiyo haya sikusimuliwa na mtu, na pale nilipokosea mimi mwenyewe nitasema, ingawa sipendi.

Fakihi alizaliwa bara, upande wa Nyangao, kwa Wamwera wanaolima korosho na mihogo. Akiwa kijana alikwenda Dar kama vijana wengi wa kusini, akawa anatembeza soksi na mikanda juani. Kule ilikuwa akifungua mdomo tu watu wanacheka. Wateja walikuwa wanaitana waje kumsikiliza, kisha wanaondoka bila kununua. Aliniambia habari hiyo mara moja tu, siku tuliyokuwa tunamenya karanga. Alisema alikuwa anajifungia bafuni anajifunza kusema kama mtangazaji wa taarifa ya habari, sentensi moja mara ishirini, mpaka akaisafisha sauti yake isibaki na chembe ya kwao. Aliporudi Lindi wazee wake walidhani anaringa. Haringi. Alikuwa ameshasahau njia ya kurudia.

Mkewe ni Martina, Mmakonde wa huko juu Newala, anauza vitenge sokoni. Martina alibaki na kanisa lake, Fakihi na msikiti wake, na nyumba haijaanguka mpaka leo.

Banda la video limeegemea nyumba yao. Ukuta wa chumba cha nyuma ndio huohuo ukuta wa banda, na juu kuna uwazi wa kupitisha hewa, kwa hiyo anayekohoa huku anasikika kule. Siku za mpira hakuna kazi ya kutafsiri, mpira unajisemea. Lakini Jumamosi alasiri ni siku ya Fakihi. Vijana wana simu zao, wanaweza kuangalia chochote popote, na bado wanakuja kukaa juu ya ubao mgumu kwa sababu kwenye simu hamna Fakihi.

Mwaka huu, baada ya masika, Damiani wa bodaboda alimletea kwenye flashi tamthilia ya wageni wa anga. Chombo chao kimeharibika njiani, kimeanguka karibu na mji wa watu, na sasa ni mwaka wa ishirini wanaishi nyuma ya seng'enge. Wanafanya kazi mjini mchana, jioni lazima warudi ndani. Wana geti lao na kadi zao, na kisima cha mji hawaruhusiwi kugusa. Usoni wana mistari, myembamba, imeshuka kutoka kwenye paji hadi mashavuni, na mdomo wa juu umetokeza kidogo. Jumamosi ya kwanza Fakihi aliwapa sauti ya kawaida. Watu wakaangalia, wakapiga miayo, wengine wakatoka kwenda kuvuta sigara.

Wiki hiyohiyo ndipo alipofika mama yake Martina.

Anaitwa Bibi Emerensiana. Macho yake yote mawili yalikuwa yameingia mtoto wa jicho, anaona mwanga na kivuli basi. Madaktari wa macho walikuwa wanakuja Lindi kwa siku chache tu, mara moja kwa mwaka, na Martina alikuwa ameshamwandikisha apasuliwe: Jumanne ya wiki ya nne tangu afike, jicho la kulia kwanza. Akikosa hapo, angoje mwaka mwingine, na bibi wa umri ule mwaka mwingine haumwahidi mtu.

Bibi ni mtu wa zamani. Uso wake una nembo, ile mistari waliyochanjwa wasichana wa Kimakonde walipokuwa wari, na mdomo wa juu una kitundu palipokaa ndonya, kile kipande cha mti cha urembo, enzi hizo. Anaongea taratibu, sauti imekwaruzika, na maneno ya mwisho anayarudia, kana kwamba anahakikisha umeyapokea. Kwake mtu ni ntu na mzigo ni nzigo. "Njukuu wangu, mie nnakaa tu hapa, nnakaa tu." Nilimpenda toka siku ya kwanza. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanishika mkono akaupapasa vidole vyote vitano, akaniambia hii mikono ya ntu wa kazi.

Sasa, huku kwetu mwanamume na mama mkwe wake wanaheshimiana kwa mbali. Hakanyagi mkeka wake wala hali naye sahani moja, na hakatizi mlangoni kwake kifua wazi. Akiwa na neno anampa mkewe, mkewe analifikisha. Fakihi, kwa upande huo, alikuwa mkwe wa kupigiwa mfano. Alimwamkia kila asubuhi akiwa amechutama hatua kumi mbali, kisha akaenda zake bandani. Katika wiki zile hata sentensi tatu hakuzungumza naye. Lakini kule bandani, akiwa anaunganisha nyaya za spika, alikuwa anamsikia kupitia ule uwazi wa juu, asubuhi nzima bibi anamsimulia Martina habari za nyumbani. Ana sikio baya Fakihi. Kinachoingia hakitoki.

Jumamosi ya pili, kiongozi wa wageni wa anga, jike la makamo lenye mistari mingi kuliko wenzake, likatokea kwenye kioo linaomba maji. Fakihi akainua kipaza sauti, na sauti iliyotoka ilikuwa ya mama mkwe wake. Mkwaruzo uleule, mwendo uleule. "Wanangu, mie nnaomba maji tu, maji tu."

Banda lililipuka. Watu walicheka mpaka mmoja akaanguka na benchi. Mimi mlangoni nilicheka mpaka karanga zikamwagika, na sikuziokota. Baadaye nilimuuliza ameipata wapi, akasema, "Da Shamimu, nilipoiona ile mistari sauti ilikuja yenyewe." Wala hatukuona kitu kibaya. Wamwera na Wamakonde ni watani, hiyo kila mtu anajua. Damiani ni Mmakonde na ndiye aliyecheka kuliko wote. Bibi siku hiyo alikuwa kwenye jumuiya, majirani wa kanisa walimpitia wakampeleka kusali. Martina alikuwa sokoni.

Jumamosi ya tatu banda lilifurika. Walikuja mpaka watu wa mjini kati, wengine wakasimama nje wanachungulia kwenye matundu ya mabati. Siku hiyo jumuiya haikuwepo, walikuwa na msiba. Mimi nilikuwa uani nakaanga karanga za ziada, na bibi alikuwa kwenye mkeka wake mlangoni, hatua mbili kutoka kwangu, kichwa amekigeuza upande wa ukuta.

Sauti ikaja. "Msinifukuze wanangu, mie nnakaa tu hapa, nnakaa tu." Watu wakapiga makelele. Na mimi, Mungu anisamehe, nikacheka palepale, kwa sauti, mwiko mkononi.

Bibi akauliza, "Nani yule?"

"Sinema hiyo bibi."

"Sinema ya nani? Mbona yule ni mie?"

Hapo ndipo cheko liliponikauka. Ningenyamaza ingekuwa afadhali, ila mimi kunyamaza sikujaliwa. Nikasema, "Hapana bibi, siyo wewe. Huyo wala siyo mtu, ni lijitu fulani limetoka angani."

 Bibi aliinua mkono akaupitisha shavuni, juu ya ile mistari, taratibu, akashusha. Kule ndani watu wanacheka. Karanga zangu ziliungua zote na sikusikia harufu.

Martina aliporudi jioni alimkuta mama yake amefunga mzigo. Bibi hakulia wala hakugomba. Alisema Jumapili ya wiki inayofuata kuna ndugu yake anapita na basi la asubuhi kwenda Newala, ataondoka naye. Martina akamwambia, mama, Jumanne ya baada ya hapo si ndiyo siku ya macho? Nilikuwa nimesimama mlangoni, kwa hiyo jibu nililisikia mwenyewe.

"Macho ya nini? Nikaone meno ya wanaonicheka?"

Martina akatoka nje akamtazama mumewe. Fakihi akajitetea kwa neno moja, utani. Utani tu, mke wangu, sisi si watani? Nilipandwa na hasira, na sijui nilikuwa namkasirikia nani zaidi, yeye au mimi. Nikamwambia, "Mtani wako Damiani. Mtani wako yeyote wa huko juu unayekutana naye stendi. Aliyekuzalia mke si mtani wako, na wewe unalijua hilo toka unanyonya."

"Nalijua," akasema. Akakaa chini kwenye kizingiti cha banda, taulo bado shingoni. "Nilisahau kama ile sauti ina mwenyewe."

Martina alihamia chumbani kwa mama yake. Hakugombana na mtu. Alipika, alifua, alikwenda sokoni, na maneno kwa mumewe yalibaki matatu kwa siku. Ukitaka kujua nyumba ina ugonjwa, sikiliza inavyokuwa kimya.

Fakihi hawezi kumwendea mkwewe, kwa hiyo alimtuma mzee Bonaventura, fundi mwashi, aliyekuwa mshenga wake siku zile za kuoa. Mzee Bonaventura alikwenda Jumatatu na kitenge kizuri, akarudi nacho. Tulimkalisha uani tukampa chai.

"Amesema nini?" Fakihi akauliza.

"Amesema kitenge anacho." Mzee akanywa chai kwanza. "Halafu akanikumbusha. Siku ile tulipokwenda kuposa, unakumbuka? Ukoo mzima ulisimama. Wajomba wakasema Mmwera huyu, tena wa msikitini, tena anatembeza soksi, arudi alikotoka. Mama huyu ndiye aliyesema huyu kijana ametembea kutoka stendi, mpeni maji kwanza anywe, mtamkataa baadaye. Ukapewa maji. Na alipokwisha kukutazama unakunywa, akasema amekubali."

Fakihi hakuwa ameijua habari hiyo. Siku ya posa yeye alikalishwa nje na maji yalimfikia mkononi bila kujua yametumwa na nani.

"Akasema jambo jingine moja," mzee Bonaventura akaendelea. "Kwamba hukumkosea chumbani. Ulimkosea mbele za watu."

Akaaga, akaenda kwenye ujenzi wake. Fakihi alikaa pale mpaka chai yake ikaota utando.

Jumamosi ikafika. Tayari kabla ya alasiri hapakuwa na mahali pa kuweka mguu. Mzigo wa bibi ulikuwa nyuma ya mlango, umefungwa kwa kanga, mafundo mawili. Kesho yake alfajiri ni basi. Martina alifunga meza yake sokoni mapema, akaja kukaa na mama yake uani, na mimi nikaacha kuuza, nikakaa nao. Mlango wa nyuma wa banda ulikuwa wazi kwa ajili ya joto, kwa hiyo kioo nilikuwa nakiona vizuri.

Sehemu ya siku hiyo, wazee wa mji wamekutana kuamua kama wageni wa anga waruhusiwe kisimani. Lile jike la mistari limeitwa mbele. Meya anaanza kuuliza. Fakihi akamsemea meya vizuri. Ikafika zamu ya jike kujibu, na Fakihi akalisemea kwa sauti bapa, ya kawaida tu.

Watu wakapiga miluzi. "Sauti! Tupe sauti!"

Akajaribu kuendelea. Wakagonga mabenchi. Ndipo akasimamisha picha na kusimama. Miaka tisa sijawahi kumuona anatafsiri amesimama.

"Jamani nisikilizeni," akasema kwenye kipaza sauti. "Hiyo sauti mnayoitaka haipo tena. Haikuwa yangu. Ni ya mama yake Martina, mama mkwe wangu, ambaye mimi hata mkeka wake sikanyagi. Niliichukua bila kumuomba, nikalivalisha jitu la sinema ili mcheke, mkacheka. Ninyi hamkujua. Mimi nilijua."

Damiani akapaza sauti kutoka nyuma, "Utani tu Fakihi, tuachie sauti!"

"Wewe Damiani ni mtani wangu, nikikutukana leo kesho utanirudishia. Yeye atanirudishia na nini?" Damiani akakaa. Fakihi akageuka kuelekea ukuta, siyo kwetu tuliokuwa mlangoni, maana kumtazama mkwewe usoni bado asingeweza. "Mama, kama unanisikia. Nimekukosea mbele ya watu hawa. Nakuomba radhi mbele ya watu hawahawa."

Martina alikuwa ameshika ncha ya kanga ya mama yake. 

Fakihi akairuhusu picha. Meya akarudia swali lake kwa kile Kiswahili cha taarifa ya habari, kile kilichosafishwa bafuni Dar: mnataka nini hasa katika mji wetu? Na lile jike likajibu kwa sauti ambayo hakuna mtu pale ndani aliyewahi kuisikia. Ilikuwa nzito, ya kijijini, imejaa Nyangao. Ilikuwa ya Fakihi mwenyewe, ile waliyomcheka nayo barabarani.

"Mie si nnyama. Mie ni ntu nzima, nna wajukuu. Nimeomba maji, sikuomba nji wenu."

Mmoja akaanza kucheka, akanyamazishwa. Fakihi alikuwa anatafuta maneno, anakwama, anarudi, kama mtu anayeingia nyumba aliyohama zamani gizani. Lakini alikuwa anaendelea. Na mle ndani, nusu ya wale vijana wakiwa nyumbani kwao wanasema hivyohivyo na bibi zao, wakifika stendi ndiyo wanabadilika. Niliwaona wanainama mbele, viwiko magotini, wanasikiliza. Ile hadithi tuliiangalia wiki tatu nzima na siku hiyo ndiyo nilielewa inahusu nini.

Bibi akaniuliza, "Huyu sasa nani?"

"Fakihi, bibi."

"Siyo sinema?"

"Ni sinema, lakini sauti ni yake. Ndivyo wanavyosema kwao."

Akasikiliza mpaka mwisho. Wazee wa mji walipiga kura, na kisima wakawanyima. Banda zima likaguna. Bibi naye akaguna, kisha akamgeukia Martina. "Nfungulie huo nzigo," akasema. "Kule ndani nna kanga safi ya kuendea hospitali."

Martina alishindwa kufungua yale mafundo kwa kulia, nikayafungua mimi.

Jumanne wakamfanyia jicho la kulia, Jumatano wakamtoa bandeji. Alikaa siku mbili anatazama vitu vya ndani tu, ndoo, mikono yake, mwanawe. Ijumaa asubuhi akasema anataka kumuona huyo ntu aliyekuwa anasemewa kwa sauti yake yeye.

Fakihi akafungua banda likiwa tupu. Akaitafuta sehemu ile, akaisimamisha pale uso wa jike ulipojaa kioo kizima, kisha akatoka akasimama nje mlangoni ametupa mgongo, kama inavyompasa. Nilimshika bibi mkono tukaingia, tukapita katikati ya mabenchi. Akasogea mpaka pua yake ikakaribia kugusa. Akatazama kwa muda mrefu. Akainua kidole akaufuata mstari mmoja kutoka kwenye paji mpaka shavuni, kisha wa pili.

"Ntu nzuri hivi," akasema.

Akanigeukia. Jicho lilikuwa bado jekundu, linatoa machozi ya dawa, na ndiyo ilikuwa mara ya kwanza ananitazama sawasawa toka tufahamiane. Hakuwa na hasira. Alikuwa anataka kujua.

"Na wewe siku ile pale uani, njukuu wangu, ulikuwa unacheka nini?"

Nje, Fakihi aliinamisha kichwa. Mimi ninayeweza kugombana na soko zima toka asubuhi hadi adhuhuri nilisimama mbele ya bibi yule nikiona haya, nikainama kuokota maganda ya karanga chini ya benchi.